Mwalimu wa Chekechea Huona Mapema: Apewe Mafunzo



Tuchukulie mtoto wa miaka minne katika kijiji kimoja kando ya Mto Ruvuma. Kila asubuhi dada yake humleta chekechea. Akiitwa haitiki mpaka mwalimu asimame mbele yake. Wenzake wakiimba, yeye hutazama midomo yao. Nyumbani wanasema ni mkaidi, majirani wanasema ni bubu. Akiingia darasa la kwanza atakaa nyuma, na haitachukua muda ataacha shule. Kumbe masikio yake yanatoa usaha tangu akiwa mdogo, na matibabu yangeweza kuanzia zahanati.

Mwalimu wa chekechea yuko mahali pazuri pa kumtambua mtoto huyu. Anakaa na watoto wengi wa umri mmoja saa kadhaa kila siku, hivyo anaweza kulinganisha. Kliniki humwona mtoto kwa dakika chache, na wazazi wengi hupunguza kuhudhuria chanjo zikishakamilika.

Kwa nini mapema?

Ubongo hukua kwa kasi sana katika miaka ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho asipopasuliwa mapema, ubongo hukosa kujifunza kuona, na upasuaji wa baadaye haurudishi yote. Miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, ikianza kufungwa plasta katika wiki za kwanza, kwa kawaida hunyooka bila upasuaji mkubwa. Mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa akianza mazoezi mapema husaidika kukaa na kula. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Mafunzo yawe na nini?

1. Kutambua dalili: mtoto asiyeitika, anayesogeza kitabu karibu na macho, anayeanguka mara kwa mara, au asiyeunganisha maneno mawili ingawa ametimiza miaka miwili. Mwalimu huandika anachokiona. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari.

2. Kuzungumza na mzazi faraghani, bila lawama. Wengine huficha mtoto kwa kuogopa maneno ya uchawi au laana.

3. Kujua pa kumpeleka: zahanati, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na ikibidi CCBRT, Dar es Salaam. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limerahisisha safari hiyo, lakini bado ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na nauli ni mzigo.

4. Kumsaidia darasani: kumkalisha mbele, kumpa muda, kumshirikisha katika michezo.

Semina moja ya siku tatu haitoshi. Tunao mfano wa pwani yetu: mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na baadaye kuingia Zanzibar na Uganda. Wanawake wa jamii yenyewe walifundishwa ualimu, na wakufunzi wakawafuata shuleni mwao kuwaona wakifundisha. Hata kwetu, walimu wa madrasa wakaribishwe katika mafunzo, maana watoto wanaocheza pamoja Mikindani na Msimbati ni wa dini zote.

Serikali nayo imefungua njia. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa hadi 2025/26. Lakini mpango hauwezi kumwona mtoto. Mwalimu ndiye anayemwona.

Tunaomba nini?

Kamati za parokia: chagueni mwalimu mmoja kila chekechea, mpangieni mafunzo nje ya msimu wa korosho, na tengeni mfuko mdogo wa nauli za rufaa. Mtoto akishapelekwa, kamati iulize alifika au hakufika.

Wafadhili wapendwa: jengo hupigwa picha na kuzinduliwa, mafunzo hayana jiwe la msingi. Hata hivyo, darasa jipya halimsaidii mtoto asiyesikia ikiwa mwalimu wake hajajua kwamba hasikii.

Katika Injili ya Marko sura ya 7, Bwana Yesu alimtenga kiziwi na umati kabla ya kumponya. Alimtazama mmoja. Mwalimu aliyefundishwa anaweza kufanya vivyo hivyo.