Mkutano Mkuu wa Kijiji Una Nguvu Kuliko Unavyodhani

Katika kata ya Segese, wilayani Kahama, ardhi moja ina kazi mbili: juu hulimwa, chini hutafutwa dhahabu. Ndiyo maana kila mwanakijiji anapaswa kujua nani hasa ana kauli juu ya ardhi hiyo.

Wengi humtaja mwenyekiti au mtendaji. Sheria inasema vingine. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, chombo cha juu kijijini ni Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, na hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiozidi 25, huchaguliwa na mkutano huo na kuwajibika kwake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi: Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Tazama uzito wa jambo hili. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lina nchi wanachama 193, lakini maazimio yake mengi ni ushauri tu kwa nchi hizo. Ridhaa ya wanakijiji waliokaa chini ya mwembe ni sharti la kisheria.

Nguvu hiyo ina mipaka. Madini ni mali ya Taifa, na leseni za uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini; kijiji hakiwezi kuzitoa wala kuzifuta. Pia eneo likizidi hekta 250, uamuzi wa kulihamisha kutoka ardhi ya kijiji huwa wa Waziri mwenye dhamana ya ardhi, baada ya kuzingatia maoni ya mkutano.

Mikutano ya namna hii si jambo geni: Wasukuma walijadili mambo yao hadharani katika dagashida, mkutano wao wa jadi, tangu zamani. Kilichoongezeka leo ni maandishi: muhtasari wa mkutano. Mjadala usioandikwa ni vigumu kuutetea mbele ya baraza la ardhi, na saini ya mahudhurio peke yake haithibitishi kwamba uliridhia lolote.

Basi mkutano ujao usikupite. Dai muhtasari uliopita usomwe, uliza mapato na matumizi, na kabla ya kunyoosha mkono hakikisha umeelewa ni eneo lipi linatolewa, kwa nani na kwa masharti gani.