Kenya: Ukuta wa Mawe na Baridi ya Kericho

Mashamba ya chai ya Kericho yako kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Humo zipo nyumba za zamani za mawe, zilizochongwa kwa mkono, na kuta zake kwa ndani zina mabonde na vilima. Anayedhani kwetu Afrika Mashariki hakuna baridi, na alale humo usiku mmoja wa Julai.

Jiwe zito hupitisha joto upesi. Watu watano wakilala chumba kimoja, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku. Mvuke huo ukigusa ukuta wa baridi huwa matone, kisha kuvu jeusi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu nyumbani huandamana na kikohozi na pumu. Mtoto akiumwa mama hubaki nyumbani, na asiyechuma hana kilo za kupimiwa.

Wengine hubandika maboksi au ubao. Ni kazi bure. Ubao umenyooka na ukuta una mashimo. Mvuke huingia nyuma yake, kuvu likaota pasipoonekana.

Fundi anayejua huanza nje: bati linalovuja, mfereji wa paa, udongo uliorundikana msingini. Ukuta unaonyonya mvua hauponi kwa plasta. Ndani huparua rangi ya mafuta, hupiga brashi, hunyunyiza maji, na kujaza mashimo makubwa kwa vipande vya mawe na chokaa. Ndipo huja plasta ya chokaa yenye kitu chepesi ndani yake. Bonde la Ufa lina mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Yakipondwa yanafaa sana, kwa sababu hewa iliyotulia matunduni huzuia joto lisikimbie. Hupakwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikauke kwanza. Sentimita 4 au 5 haziifanyi nyumba kuwa tanuri, lakini ukuta hupunguza kutoa jasho. Mwisho hupakwa chokaa, si rangi ya mafuta, ili unyevu upate pa kutokea. Matundu ya hewa yasizibwe, wala jiko la mkaa lisilale ndani, maana sumu yake haina harufu. Mpakaji apewe miwani na glavu. Chokaa huunguza macho.

Nani alipe? Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 chamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha ya kutosha ya kodi. Mkataba wa pamoja waweza kuijumlisha kodi hiyo katika mshahara, kwa hiyo usomwe kwanza kabla ya kupiga kelele. Na Pendekezo namba 115 la Shirika la Kazi Duniani, la 1961, lataja kinga ya baridi na unyevu. Kwa maoni yetu, nyumba ikiwa ya kampuni, chokaa nayo ni ya kampuni. Wajumbe wapeleke mezani orodha ya nyumba moja moja kwa namba ya mlango: panapovuja, ukuta wenye kuvu, tangu lini.

Wanachama wa Mufindi, mnaoijua baridi hiyo, anzeni orodha yenu mvua zinapoisha, kuta zikiwa bado zimelowa na madoa yanaonekana.