Kinga Inaposhambulia Ini: Ubora wa Maisha ya Mgonjwa

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosea, ikaliona ini kuwa adui na kulishambulia kwa miaka mingi. Magonjwa yanayotokana na kosa hilo hayaambukizi wala hayaletwi na pombe. Mengi hudhibitiwa bila kuisha kabisa, hivyo mgonjwa huishi nayo, na namna anavyoishi huwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Magonjwa makuu ya kundi hili ni matatu. Wa kwanza ni homa ya ini itokanayo na kinga, ambayo hushambulia seli za ini. Huwapata watu wa rika zote, wanawake wengi kuliko wanaume. Wa pili hushambulia mirija midogo ya nyongo iliyomo ndani ya ini. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wa ugonjwa huu ni wanawake, na wengi hugundulika wakiwa na umri wa miaka 40 na zaidi. Wa tatu huacha makovu kwenye mirija ya nyongo mpaka ikawa myembamba au ikaziba. Huwapata zaidi wanaume, na wengi wao pia wana uvimbe sugu wa utumbo mpana. Yote matatu, yasipodhibitiwa, yanaweza kulifikisha ini kwenye sirosisi, yaani hali ya kujaa makovu inayoweza kulifanya lishindwe kazi.

Kwa muda mrefu madaktari walipima mafanikio ya tiba kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havionyeshi kama mgonjwa analala usiku, anamudu kazi yake au ana furaha. Ndiyo maana yakatungwa madodoso ya kupima ubora wa maisha. Linalotumika sana kwa magonjwa ya kila aina ni SF-36, lenye maswali 36 kuhusu mwili, nafsi na mahusiano. Kwa ugonjwa wa mirija midogo ya nyongo lipo PBC-40, lililotokana na utafiti wa Newcastle, Uingereza, likachapishwa mwaka 2005. Maswali yake 40 yanagusa uchovu, muwasho, kumbukumbu, hisia na maisha ya kijamii.

Uchovu ndio dalili inayolalamikiwa kuliko zote. Si ule wa kutwa nzima shambani, unaoisha kwa usingizi. Mgonjwa huamka nao, na mara nyingine huambatana na usahaulifu na kushindwa kutuliza mawazo. Katika ugonjwa wa mirija midogo, ukali wa uchovu haulingani na ukali wa ugonjwa: mwenye vipimo vizuri anaweza kuwa hoi kuliko mwenye vipimo vibaya. Dawa kuu ya ugonjwa huo, asidi ya ursodeoksikoliki, hulinda ini lakini haiondoi uchovu, na hata kupandikizwa ini hakuumalizi kila mara. Linalowezekana ni kutafuta visababishi vingine vinavyotibika, kama upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, usingizi mbovu au sonona. Baada ya hapo, mgonjwa hufaidika kwa kupanga kazi nzito saa anazojisikia na nguvu na kufanya mazoezi mepesi ya mara kwa mara.

Muwasho hutokea nyongo isipopita vizuri. Huanza mara nyingi viganjani na kwenye nyayo, huzidi usiku, na ngozi huwa haina vipele isipokuwa michubuko ya kujikuna. Vidonge vya kawaida vya mzio havisaidii sana. Dawa inayoanza kutumiwa ni kolestiramini, ambayo humezwa kwa kupishana saa kadhaa na dawa nyingine ili isizizuie kufanya kazi. Ikishindikana, daktari anaweza kutumia rifampisini, inayojulikana zaidi katika tiba ya kifua kikuu, huku akifuatilia vipimo vya ini.

Nafsi nayo huumia. Utafiti wa Hamburg, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta sonona na wasiwasi ni vingi zaidi kwa wagonjwa wa homa ya ini itokanayo na kinga kuliko kwa watu wengine. Hofu ya kufikia sirosisi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo. Mgonjwa akielezwa wazi hatua aliyofikia na matarajio yake, sehemu ya hofu hiyo hupungua.

Dawa zenyewe zina gharama yake. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, huokoa maisha katika homa ya ini itokanayo na kinga, lakini huweza kuvimbisha uso, kuongeza uzito, kupandisha sukari na presha, kudhoofisha mifupa na kuvuruga hisia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliotumia steroidi walikuwa na ubora duni wa maisha hata pale ugonjwa ulipokuwa umetulia. Ndiyo sababu madaktari huongeza azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, na kupunguza steroidi hatua kwa hatua. Mgonjwa asiache prednisoloni ghafla kwa hiari yake: ugonjwa unaweza kulipuka, na mwili uliozoea dawa unaweza kuzidiwa.

Katika Afrika Mashariki, ambako homa ya ini B na kifua kikuu ni vya kawaida, vyote viwili vinapaswa kupimwa kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga. Chanjo ya homa ya manjano, yenye kirusi hai, kwa kawaida haitolewi kwa anayezitumia. Wanawake wengi wenye ugonjwa uliotulia hupata mimba salama, lakini mikofenoleti, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, ni hatari kwa mtoto tumboni, na ugonjwa unaweza kurudi baada ya kujifungua. Mipango ya uzazi basi ianzie kliniki.

Mzigo wa mwisho hutoka kwa watu. Macho ya manjano huleta tuhuma za ulevi, na neno homa ya ini humfanya mgonjwa atengewe sahani na kikombe. Hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa magonjwa haya hayaambukizi wala hayaletwi na pombe. Familia inayojua ukweli huu humsaidia mgonjwa kwa kumpunguzia kazi siku za uchovu, kumkumbusha dawa na kumwepusha na pombe na mitishamba isiyojulikana. Naye daktari, akishasoma majibu ya damu, amuulize mgonjwa wake kuhusu usingizi, muwasho, kazi na moyo wake, kwa kuwa hayo hayaandikwi kwenye karatasi ya maabara.