Kamba na Kipimo cha Mwili

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, mkoani Geita, na kadhalika upande wa Kahama mkoani Shinyanga, kamba ni chombo ambacho mtu hukikabidhi roho yake kabla jua halijapanda sawasawa. Maana mchimbaji ashukaye duarani, yaani shimoni mwa mgodi, hutia mguu kitanzini, au hujifunga kiunoni, na wenziwe walioshika winchi ya mkono humteremsha taratibu hata akaufikia mwamba, wakipashana habari kwa sauti na kwa mtikisiko wa kamba ile ile. Watu hao hawakusomeshwa elimu ya mishipa wala ya mizani, walakini wajua kwamba kitanzi kimfaacho kijana mwembamba humkata mapaja mtu mnene, na kwamba aliyevunjika bega mwaka uliopita hashushwi kwa namna ashushwavyo mzima. Nimeitanguliza habari yao kwa makusudi, kwa kuwa nataka kueleza sanaa ya Kijapani ya kumfunga mtu kamba, ambayo siku hizi yeyote mwenye simu aweza kuiona pichani akadhani kuwa ni mafundo ya kukaririwa tu, ilhali kiini chake ni kuujua mwili wa huyu aliye mbele yako, si wa mwingine.

Usuli wa sanaa hiyo si wa faragha, bali ni wa askari na wafungwa. Katika zama za Edo, tangu 1603 hata 1868, Wajapani walikuwa na elimu iitwayo hojojutsu, ya kumfunga mtuhumiwa, na kila chuo cha mapigano kilikuwa na mafungo yake, kikiyaficha wasiyajue wageni. Ilipasa mfungwa asiponyoke, asidhurike, na fungo lenyewe lipendeze macho. Tena fungo la mwungwana mwenye upanga halikuwa sawa na la mkulima, wala la mtawa halikuwa sawa na la mwanamke. Wakale hao, basi, walikwisha kuibadili kamba kwa kadiri ya mtu, ila walichokipima kilikuwa cheo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchoraji Ito Seiu, aliyezaliwa 1882 akafariki 1961, aliyatia mafungo yale katika michoro na picha zake, na baada ya Vita Kuu ya Pili majarida kama Kitan Club, lililoanza 1947, yakayaeneza miongoni mwa watu wazima kuwa jambo la mapenzi na la urembo, ambalo leo hujulikana ulimwenguni kwa majina ya kinbaku na shibari. Upande wa ashiki sina haja ya kuufunua zaidi. Msomaji mzima ameelewa.

Afrika Mashariki nayo yaijua kamba kwa sura yake mbaya. Nchini Uganda, katika vita na misukosuko ya miaka ya 1980, mateka na watuhumiwa walifungwa kwa namna iitwayo kandoya, viwiko viwili vikivutwa nyuma ya mgongo hata vikaribie kukutana, na shirika la Amnesty International likaandika habari za watu waliofunguliwa mikono yao ikiwa imepooza. Asiyejua akiitazama kandoya, kisha akalitazama fungo la Kijapani liwekalo mikono mgongoni, ataona kuwa vyafanana, na wala hatakuwa amekosea sana kwa upande wa maungo. Kinachovitenga kwanza ni ridhaa, nami nakusudia ridhaa ya mtu mzima mwenye akili timamu, asiyelewa, asiyeshurutishwa kwa fedha wala kwa cheo, na awezaye kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote naye akafunguliwa pasi na kuulizwa sababu. Lakini ridhaa peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huteleza: mshipa wa fahamu hauna habari kwamba mwenyewe alikubali.

Mshipa unaodhurika zaidi katika mafungo haya huteremka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, ukauzunguka, ukatokeza upande wa nje baina ya bega na kiwiko, mahali ambapo kwa watu wengi hauna nyama ya kutosha ya kuukinga. Ukibanwa hapo, kiganja huanguka kisiweze kuinuliwa, na mgongo wa mkono, karibu na kidole gumba, hufa ganzi. Wala haukai mahali pamoja kwa kila mja. Kwa huyu uko juu kidogo, kwa yule chini, na kwa mtu mwembamba mzingo wa kamba uliokaa salama kwa mbeba mizigo mwenye misuli huja kukaa juu ya mshipa wenyewe. Kwa hiyo fundi mwenye hadhari, kama fundi cherehani apimaye kiuno kabla hajagusa mkasi, huupapasa mkono kwanza, akamwomba mwenziwe aseme ni wapi anapohisi mchomo au mtekenyo, ndipo apachague mahali pa kupitisha kamba. Baada ya kufunga humtaka kila mara ainue kiganja juu na kukisukuma nyuma dhidi ya mkono wa fundi, kwa sababu mshipa waweza kuumia bila maumivu yoyote. Vitabu vya ng'ambo huagiza kutazama ngozi kama imegeuka buluu. Kwa ngozi yetu nyeusi agizo hilo halifai sana, na ni bora kutazama kucha na viganja, na kugusa vidole kama vimepoa.

Sasa tuitazame miili ya nchi hii ya dhahabu, maana ndiyo itupayo mifano. Mtu aliyetoboa mwamba miaka mingi aghalabu ana kifua kilichokula vumbi, na pengine kilipata kifua kikuu. Mizingo ya juu na chini ya matiti, ambayo Wajapani huipenda mno, humnyima nafasi ya kutanua mbavu, basi kwake kamba yafaa ikae nyongani na mapajani, kifua kiachwe huru. Aliyebeba viroba vya mawe mabegani hana bega la kupinda nyuma; mikono yake na ifungwe mbele, au ilazwe ubavuni, na fungo halitapungukiwa uzuri. Mwenye tumbo kubwa au matiti mazito huona kamba ikizama na kujiviringa, kwa hiyo mizingo huongezwa na kulazwa bapa, bega kwa bega, ili uzito usambae. Kupiga magoti juu ya visigino, mkao ambao Mjapani hulelewa nao juu ya mkeka wake, ni adhabu kwa mtu wa miaka 50 aliyepondeka goti, mpe kiti. Mwenye kisukari huenda miguu yake imekwisha kupoteza hisia, yaani kengele ya hatari haimlilii, basi asitegemewe kusema kwamba anaumia. Mjamzito asibanwe tumbo. Mtu aliyekatwa mkono au mguu hufungwa kwa maungo aliyonayo, kwa fungo lililobuniwa upya kwa ajili yake, na hapo ndipo sanaa hujaribiwa kweli.

Juu ya selimundu, maradhi ya chembe za damu, nataka kukaa kidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wazaliwao na maradhi hayo, hukadiriwa kuwa 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina fungu kubwa. Chembe za damu za mgonjwa huyo hugeuka umbo pale oksijeni inapopungua, zikaziba njia za damu na kuleta maumivu yasiyosemeka. Na kufunga kiungo kwa nguvu, au kumwacha mtu katika baridi bila maji ya kunywa, ni kuyaalika. Kwa maoni yangu asifungwe kiungo chochote kwa kukazwa. Akipenda, kamba iwe pambo lililolegea juu ya nguo, na lisidumu.

Wako pia wenye jeraha lisiloonekana. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mtu aliyewahi kufukiwa, au aliyewahi kufungwa na majambazi, aweza kuketi kwa furaha mpaka dakika ile mkono wa pili unapozuiwa, kisha akashikwa na hofu ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia. Kwake mkono mmoja uachwe huru, uso usifunikwe, mlango uonekane. Na asiyeweza kusema, ama kwa ububu ama kwa sababu hofu humkaba ulimi, hupewa kitu cha kushika, mathalan funguo; akikiachia kikaanguka, kila kitu husimama.

Kamba yenyewe nayo huchaguliwa. Wajapani hutumia juti au katani laini (hemp, si mkonge) ya unene wa milimita 6 hivi, urefu wa mita 7 au 8, ikikunjwa katikati na kuanzwa kwenye kunjo. Mkonge wetu, ulioletwa pwani na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ambao Wasukuma waliupanda kuwa ua wa mashamba na mazizi, una miiba midogo ichomayo. Kamba ya pamba ni laini kwa ngozi dhaifu, lakini hunyumbuka na fundo lake hukazana lisifunguke. Ya nailoni huteleza na kuunguza. Iliyotoka duarani, au kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, isitumiwe kabisa, kwa ajili ya zebaki inayoweza kuwa imeingia humo. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu, wala mtu asione uchungu wa kuikata kamba ya thamani.

Kuning'iniza hewani sikushauri. Mchimbaji hushika kamba mwenyewe na miguu yake hufanya kazi. Aliyefungwa na kutundikwa hutulia, damu ikashukia miguuni, na hata wapanda milima wenye mikanda mipana huzimia kwa namna hiyo katika muda mfupi.

Kiganja kikiwa kimeanguka baada ya kamba kufunguliwa, kisichuliwe kwa nguvu wala kupakwa dawa za moto. Mgonjwa aende hospitalini, Geita, Shinyanga au Bugando kule Mwanza, amwambie tabibu bila soni kwamba alibanwa kamba, mahali gani na kwa muda gani, kwa kuwa tabibu asiyeambiwa hivyo aweza kudhani ni kiharusi. Mshipa uliobanwa tu bila kukatika aghalabu hurudi katika wiki kadhaa au miezi michache, kiganja kikiwa kimetegemezwa kwa gango, na vidole vikinyooshwa kila siku kwa mkono wa pili.