Jangwa Kando ya Bahari: Kupanga Safari ya Sur kwa Kufuata Upepo

Mkazi wa Ubaruku hana haja ya kwenda mbali ili kujua kwamba wingi wa maji si dalili ya wingi wa mvua. Majaruba ya mpunga hujaa maji yaletwayo na Mto Mbarali kutoka milimani, hali mbingu iliyo juu yake haina wingu. Uwanda wa Usangu hupata mvua ya milimita 600 hadi 700 tu kwa mwaka, ilhali milima iliyo kusini yake hupata hata mara mbili ya kiasi hicho.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu mwalimu mmoja wa huko aliniuliza swali lifuatalo: kama angetaka kuwapeleka wanafunzi wake mahali ambapo jangwa hukutana na bahari yenye viumbe wengi, awapeleke wapi, na katika mwezi gani? Sehemu ya kwanza ya swali si ngumu. Mji wa Sur, katika pwani ya mashariki ya Omani, ni mahali panapofaa sana, nao una uhusiano wa karne nyingi na pwani yetu. Sehemu ya pili yahitaji maelezo, kwa kuwa mwezi ukikosewa, fedha yote ya safari yaweza kupotea bure. Maelezo hayo yako katika upepo tunaouita kusi.

Kwa nini pwani ile ni jangwa?

Hewa ikipanda, hupoa, na mvuke uliomo hugeuka mawingu. Ikishuka, hupata joto, na mawingu hutoweka. Ndiyo maana hewa iliyokwisha kumwaga mvua yake juu ya milima ya Kipengere hufika Usangu ikiwa kavu.

Katika Sur kanuni ni hiyo hiyo, ila mahali pa milima pamechukuliwa na mzunguko mkubwa wa hewa ya dunia. Hewa yenye joto hupanda karibu na Ikweta, huangusha mvua huko, kisha husafiri juu angani na kushuka tena katika maeneo ya nyuzi 20 hadi 30 za latitudo. Sur ipo karibu na nyuzi 22 na nusu kaskazini, mahali ambapo hewa hushuka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo, ingawa bahari i mbele ya mji, mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 100 tu, yaani chini ya sehemu moja kwa sita ya ile ya Usangu.

Kwa nini bahari yake ni tajiri?

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi huvuka Ikweta, hupinda kuelekea kulia kwa ajili ya mzunguko wa dunia, na kuvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi sambamba na pwani ya Omani. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Maji ya juu ya bahari hayafuati upepo moja kwa moja. Katika Kizio cha Kaskazini, tabaka la juu la maji husukumwa upande wa kuume wa upepo. Katika pwani ile, upande wa kuume ni bahari kuu. Maji ya juu yakiondoka, maji ya baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake, hata katika sehemu nyingine joto la bahari hushuka kufikia nyuzi 20 hivi za sentigredi, katikati ya kiangazi.

Maji hayo ya kilindini yamebeba naitrati na fosfati, ambazo ni mbolea ile ile mkulima wa mpunga huinunua kwa mifuko. Yakifikiwa na mwanga wa jua, mimea midogo mno ya baharini huongezeka haraka. Dagaa hula viumbe vidogo vilivyoshiba mimea hiyo, na samaki wakubwa na pomboo huwala dagaa. Mwani nao hustawi miambani.

Hewa ipitayo juu ya maji hayo ya baridi hupoa upande wa chini, ikawa nzito isiweze kupanda. Hivyo kusi hulisha bahari bila kuinyeshea Sur mvua.

Mgeni wa usiku

Kiasi cha kilomita 40 na kitu mashariki ya Sur kuna ufuko wa Ras al-Jinz, ulio ndani ya hifadhi ya kasa ya Ras al-Hadd iliyoanzishwa mwaka 1996. Huko kasa wa kijani hupanda ufukoni karibu kila mwezi wa mwaka, lakini wengi zaidi huja kati ya Juni na Septemba. Jike huchimba shimo usiku, hutaga mayai 100 hivi, huyafukia na kurudi baharini. Mayai hayaatamiwi na mama. Joto la mchanga ndilo linaloyaangua baada ya siku 55 hadi 60. Joto hilo pia huamua jinsia: mchanga ukizidi nyuzi 29 hivi, wengi wa watoto huwa majike, ukiwa chini yake, wengi huwa madume.

Mtoto wa kasa akitoka mchangani usiku hutambaa kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni upeo wa bahari. Taa ya mkononi au ya kamera yaweza kumpotosha akaelekea nchi kavu, akafa kwa jua au akaliwa na mbweha. Jike naye akiona mwanga au watu wakitembea huweza kurudi baharini bila kutaga. Kwa hiyo wageni huingia ufukoni pamoja na kiongozi tu, usiku au kabla ya alfajiri, baada ya kuandikisha nafasi mapema. Mwalimu awafundishe wanafunzi sababu za sheria hizo kabla hawajafika, kwani hapo gizani hapatakuwa na nafasi ya somo.

Mwezi upi?

Wengi wangechagua likizo ya Juni, kwa kuwa kasa ni wengi. Mimi nasita kwa sababu tatu. Ya kwanza ni joto. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio kati ya Maskati na Sur, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku ukiwamo. Mtu aliyezoea joto kavu la Usangu asijidanganye: huko jasho hukauka na kuupoza mwili, lakini kando ya bahari hewa yenye unyevu huzuia jasho lisikauke. Ya pili ni vimbunga. Kimbunga Gonu kilipiga pembe hiyo ya Omani mwezi Juni 2007. Ya tatu ni bahari yenyewe, ambayo kusi huichafua hata mashua za kutazamia pomboo hushindwa kutoka.

Desemba hali ya hewa ni nzuri, mchana ukiwa na nyuzi 25 hivi, lakini kasa ni wachache, na darasa laweza kurudi bila kumwona hata mmoja.

Kwa maoni yangu, mwezi ufaao ni Septemba, iwapo mapumziko mafupi ya shule yataangukia humo. Kusi hupungua nguvu, joto huanza kushuka, na majike bado wanataga. Zaidi ya hayo, hesabu ya siku 55 hadi 60 yaonyesha kwamba mayai yaliyotagwa Julai huanguliwa Septemba. Darasa laweza kuona mwanzo na mwisho wa kazi ile kwa usiku mmoja.

Manahodha wa Sur walijua kalenda hii kabla yetu. Walikuja Unguja na majahazi kwa kaskazi, wakarudi na kusi, huku wakiepuka Juni na Julai upepo ulipokuwa mkali kupita kiasi. Jahazi moja la namna hiyo, Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa mjini humo, nalo lafaa kutembelewa mchana.

Maandalizi

Kutoka Ubaruku hadi Dar es Salaam ni kilomita 700 hivi kwa barabara. Kutoka hapo hadi Maskati ni kilomita 4,000 hivi kwa ndege, kisha kilomita 200 za barabara ya pwani hadi Sur. Masharti ya viza yaulizwe mapema katika ubalozi wa Omani, Dar es Salaam. Kila msafiri apangiwe lita 4 za maji ya kunywa kwa siku au zaidi, kofia, na nguo nyepesi zenye mikono mirefu. Matembezi yafanywe asubuhi na jioni. Lugha haitakuwa kikwazo kikubwa: Wazanzibari wengi walihamia Omani baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, na Kiswahili husikika bado katika nyumba nyingi za Maskati.

Nyangumi wenye nundu wa Bahari ya Arabuni, ambao wanakadiriwa kuwa chini ya 100 na hawahami kama wenzao, hukaa zaidi kusini, kati ya Ghuba ya Masirah na Dhofar. Wanafunzi wasiahidiwe kuwaona Sur.

Shule nyingi hazitamudu gharama hizi. Hata hivyo, maswali ni yale yale kwa safari ya Mafia, ambako kasa wa kijani hutaga katika kisiwa cha Juani, na papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Kabla ya kukata tiketi, wanafunzi wachore jedwali la miezi 12, wajaze upepo, joto, mvua na mwenendo wa kila mnyama, kisha wachague mwezi wenyewe na kuutetea mbele ya darasa. Kazi hiyo haihitaji nauli, na yaweza kuanza Ubaruku juma hili.