Maneti ya pikipiki ikipinda: ipi ya kunyoosha, ipi ya kutupa



Kila mwaka mvua ikishaanza huku Likasi, mwezi wa 11, tunapata habari zile zile. Pikipiki ya koperative imeteleza kwenye udongo mwekundu na mfuko wa mbolea nyuma. Dereva anainuka, anapangusa suruali, hana hata jeraha. Wanasimamisha pikipiki, wanakuta maneti ya mkono mmoja imepinda kama ndizi. Mahindi haingoji mbolea, basi mtu anaokota jiwe, anagonga mara mbili tatu, maneti inanyooka na safari inaendelea. Njo pale hatari inaanza. Lile anguko halikuumiza mtu, lakini zile pigo za jiwe zinaweza kumuumiza wiki tatu mbele, siku atakapokamata freni kwa nguvu kwenye barabara kubwa ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya madini ikiwa mbele yake.

Sisi ni watu wa mbegu na mbolea, si mafundi wa pikipiki. Lakini pikipiki ya koperative inabeba mbegu, mbolea na mavuno, kwa hiyo hata hii inatuhusu.

Kitu cha kwanza cha kujua: maneti si chuma cha msumari. Msumari unaupinda, unaunyoosha, unaupinda tena, unavumilia. Maneti za pikipiki nyingi tulizo nazo ni aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa katika umbo, sawa na zile sufuria nzito ambazo mafundi wanamimina kutoka vyuma chakavu. Sufuria ya namna ile ikianguka kwenye sima haikunjiki, inapasuka. Maneti inakubali kupinda kidogo, lakini ndani yake inakuwa imekwisha kuchoka, na unapoirudisha unaichosha mara ya pili. Mara nyingi haipasuki wakati wa kupinda, inapasuka wakati wa kunyooshwa, na ufa unaanza mdogo sana, jicho haliuoni.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nyundo au moto, angalia imepinda wapi. Kama ni karibu na ncha, sehemu ya vidole viwili vya mwisho, na mkono bado unaifikia na inakamata vizuri, iache hivyo hivyo. Ni mbaya kwa macho tu. Kama imepinda katikati na mkono haufiki vizuri, kunyoosha kunawezekana. Kama imepinda karibu na bulo, pale inapozungukia, hapana kunyoosha. Pale nguvu yote ya mkono inapita, tena kuna tundu, na penye tundu ni pembamba. Hiyo ni ya kutupa.

Ufa tunautafuta kwa njia ya zamani ambayo haiombi franga. Toa maneti kwenye pikipiki, ioshe na sabuni, ikauke. Ipake mafuta ya taa, ngojea robo saa, kisha ipanguse mpaka iwe kavu kabisa. Saga chaki ya shule, paka ule unga juu ya mahali ilipopinda. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka pole pole na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Ukiona mstari, kazi imeishia pale. Tumia njia hii kabla ya kunyoosha, na urudie baada ya kunyoosha. Ile ya pili njo ya maana zaidi.

Sasa kunyoosha kwenyewe. Aluminiamu ikiwa baridi haipendi kupindwa, inataka joto. Lakini hapa watu wa mji wa shaba wanadanganyika. Shaba ukiipasha inakuwa nyekundu muda mrefu kabla ya kuyeyuka, kwa sababu inayeyuka kwenye digrii 1085. Aluminiamu inayeyuka kwenye 660 hivi, na ile iliyochanganywa na metali nyingine hata chini ya pale, nayo haibadiliki rangi. Unangojea iwe nyekundu, kumbe inadondoka kwenye makala. Dawa yake ni sabuni ya kufulia. Osha kwanza mafuta yote ya taa, usilete mafuta karibu na moto. Sugua kipande cha sabuni kavu mahali pa kunyoosha, ibaki alama nyeupe. Shika maneti kwa koleo juu ya mbabula yenye makala mekundu, igeuze geuze. Alama ya sabuni ikigeuka rangi ya kahawia, toa. Ikiwa nyeusi, umepitisha.

Halafu iweke kwenye eto kati ya vipande viwili vya mbao, au ingiza ncha yake ndani ya tiyo, uivute pole pole kwa mkono. Usiigonge. Rudisha kidogo, pasha tena na sabuni mpya, rudisha tena kidogo. Haina haja iwe nyoofu kama ya dukani. Mkono ukiifikia, inatosha. Iache ipoe yenyewe. Ujue pia kwamba sehemu iliyopashwa inabaki laini kuliko zamani, njo maana maneti inanyooshwa mara moja tu maishani mwake. Ikianguka tena, nunua nyingine.

Haya yote tunayasema zaidi kwa maneti ya ambrayaji, ile ya mkono wa kushoto. Ikivunjika njiani utakwama, pengine utasukuma, lakini utafika. Maneti ya mkono wa kulia ni ya freni ya mbele, na freni ya mbele njo inayosimamisha pikipiki kwa nguvu zaidi, kwa sababu ukikamata, uzito wote unakuja mbele. Kwa hiyo ushauri wetu ni mkali: maneti ya freni iliyopinda kiasi cha kuzuia mkono, badilisha. Na maneti ya freni iliyovunjika kisha ikalehemiwa, hata na fundi mzuri, hatuikubali kwenye pikipiki ya koperative. Maneti mpya ya pikipiki hizi ndogo bei yake haifiki hata karibu na mfuko mmoja wa urea.

Ikivunjika ncha tu, ile yenye kichwa cha mviringo, unaweza kuendelea kwa siku chache. Chukua tupa, ondoa makali yote, maana kile kichwa kimewekwa ili maneti isichome mtu na vidole visiteleze. Ikivunjika ya ambrayaji katikati na uko mbali, kaza koleo ya kujifunga kwenye kipande kilichobaki, shusha mzigo, nenda taratibu mpaka kijiji cha karibu.

Ukirudisha maneti, paka grisi kidogo kwenye bulo, kaza ekru lakini maneti izunguke bila kukwama. Ambrayaji iachiwe uhuru wa kama upana wa kidole kwenye ncha kabla kable haijaanza kuvuta. Kwa pikipiki yenye freni ya disiki, hakikisha maneti haisukumi pistoni wakati umeiachia, la sivyo freni itashika muda wote na kuwaka moto. Na likidi ya freni ni likidi ya freni: mafuta ya mota au ya kupikia yanavimbisha mipira ya ndani, freni inakufa. Taa ya nyuma iwake ukikamata, izime ukiachia. Geuza gido mpaka mwisho pande zote mbili na uone gazi inarudi yenyewe. Mwisho, pikipiki ikiwa imesimama, kamata freni kwa nguvu zako zote mara kumi. Kama itavunjika, bora ivunjike pale uani.

Kuna jambo dogo ambalo waendeshaji wengi wanalijua na wanachama wengi hawalijui. Ile bulo inayofunga kishikio cha maneti kwenye gido isikazwe mpaka mwisho. Ikazwe kiasi kwamba kwa kazi ya kila siku haitembei, lakini ukiisukuma kwa nguvu ya mikono miwili inazunguka. Pikipiki ikianguka, maneti inageuka badala ya kupinda.

Na kabla ya mwezi wa 11, depo ya kila koperative iwe na maneti mbili za akiba, moja ya kila upande, na kable moja ya ambrayaji. Andikeni aina na mwaka wa pikipiki kwenye daftari la depo, au chukueni ile ya zamani kama mfano mkienda kununua, kwa sababu maneti zinafanana kwa macho lakini tundu la bulo linatofautiana.