Mbio na Mitupo kwa Wanaotumia Kiti Mwendo

Riadha ya viti mwendo ni tawi la michezo ya watu wenye ulemavu linalojumuisha mbio za uwanjani kuanzia mita 100, mbio za barabarani zikiwamo marathoni, na mitupo ya tufe, kisahani, mkuki na rungu. Chimbuko la michezo hiyo ni hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, ambako daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia uti wa mgongo vitani, aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale mwaka 1948 kwa imani kwamba mchezo ni sehemu ya tiba. Mbio zilifuata baadaye, zikaingia katika Michezo ya Paralimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, wakati ambapo washindani walitumia viti vizito visivyotofautiana sana na vile vya wodini.

Mwaka 1975 Mmarekani Bob Hall, aliyeugua polio utotoni, aliomba kushiriki marathoni ya Boston akaahidiwa cheti iwapo angemaliza ndani ya muda aliowekewa, naye akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Tangu hapo kasi imeongezeka mno: Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni ya Oita, Japani, mwaka 2021 kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47, ilhali Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya wakimbiaji mjini Chicago mwaka 2023, alitumia saa 2 na sekunde 35. Pengo hilo lina sababu ya kimaumbile, kwa kuwa anayekimbia kwa miguu hulazimika kuunyanyua mwili wake kila hatua, na kiti huendelea kuserereka baina ya msukumo mmoja na mwingine; penye mlima mkali hali hubadilika, na mwenye kiti ndiye anayetaabika.

Kiti chenyewe hufanana zaidi na baiskeli ndefu kuliko kiti cha nyumbani. Kina magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma ambayo kipenyo chake hakiruhusiwi kuzidi sentimita 70, na moja dogo mbele lisilozidi sentimita 50. Gia na nyororo ni marufuku, hivyo nguvu yote hutoka mikononi. Magurudumu ya nyuma huinamishwa ili sehemu ya chini itanuke na kiti kisipinduke kwenye kona. Mchezaji hukaa ameinama mbele, mara nyingi amepiga magoti, akiwa amevaa glavu ngumu, wala hashiki duara la kusukumia kama ilivyo kwenye kiti cha kawaida, bali hulipiga kwa upande wa kidole gumba na vifundo vya vidole kuanzia juu, akalisukuma hadi karibu na chini, kisha akauachia mkono upande nyuma. Afikapo kwenye kona hugonga kifaa kidogo kilicho mbele yake, ambacho huligeuza gurudumu la mbele kwa pembe iliyopangwa tangu mwanzo, na njia ikinyooka hukigonga tena kulirudisha; ustadi huu humchosha mgeni kuliko kasi yenyewe.

Ili ushindani uwe wa haki, wachezaji hupangwa katika madaraja kwa kadiri viungo vyao vinavyofanya kazi, kazi inayofanywa na wataalamu waliofunzwa, nayo huitwa uainishaji. Herufi T huashiria mbio na F mitupo. Katika T51 wamo wenye udhaifu mkubwa wa mikono na kiwiliwili, T53 ni wenye mikono kamili lakini wasioweza kukitawala kiwiliwili, na T54 ni wenye mikono kamili na uwezo wa kiwiliwili, kamili au kwa sehemu, wakiwamo wengi waliokatwa miguu. Wenye mtindio wa ubongo wanaotumia viti hushindana katika madaraja kama T33 na T34.

Kikwazo kikubwa Afrika Mashariki ni kiti, si kipaji, kwani kiti cha mbio huuzwa kwa maelfu ya dola na hutengenezwa kwa vipimo vya nyonga na mapaja ya mwenyewe. Anne Wafula Strike, aliyezaliwa Kenya na kuugua polio utotoni, alianza mbio akiwa mtu mzima baada ya kuhamia Uingereza, ndipo akaiwakilisha Kenya katika Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Haielekei kuwa kipaji chake kilizaliwa Uingereza.

Kwa hiyo njia nafuu ya kuanzia ni mitupo. Kiti cha mitupo ni fremu ya chuma isiyo na magurudumu, yenye kimo kisichozidi sentimita 75 pamoja na mto, ambayo hufungwa ardhini kwa mikanda na huweza kuwa na nguzo ya kushikilia. Fundi yeyote hodari wa kuchomelea vyuma anaweza kuiunda. Sharti kuu ni kwamba makalio yasinyanyuke wakati wa kutupa. Rungu, ambalo ni jepesi, limetengwa kwa wale ambao viganja vyao havina nguvu ya kutosha kushika tufe au mkuki.

Afya nayo haipuuzwi. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu huenda asitoke jasho chini ya jeraha, hivyo mazoezi ya adhuhuri katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatari kwake. Asiyehisi makalio yake anapaswa kuikagua ngozi kila baada ya mazoezi ili vidonda vya mgandamizo visimshtukize. Mabega, yanayobeba kazi zote za mchana kutwa, huhitaji mazoezi ya kuvuta ili kusawazisha yale ya kusukuma. Kofia ngumu ni lazima katika mbio za mita 800 na zaidi.

Shule zina wajibu pia. Tatyana McFadden, bingwa wa Marekani, alilazimika kwenda mahakamani ili akimbie uwanja mmoja na wenzake wa sekondari katika jimbo la Maryland, na mwaka 2008 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi katika michezo. Walimu wa michezo wasingoje sheria kama hiyo. Wamwite uwanjani mwanafunzi mwenye kiti, wamtafutie fundi wa fremu, na chama cha riadha cha wilaya kiombwe kununua walau kiti kimoja cha mbio kinachorekebishika, kitumiwe kwa zamu.